Ngeu: Wekundu Wenye Mkono wa Mtu

Wapo wanafunzi wenzetu wa fasihi wanaodai kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi. Hesabu yao ni fupi: -eupe, -eusi, -ekundu, basi. Mengine yote, eti, yameazimwa kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa. Huutaja utafiti wa Brent Berlin na Paul Kay wa mwaka 1969, uliokiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 20 zilizochunguzwa na kuyatenga majina ya msingi na yale yanayofungwa na vitu maalumu.

Makala haya hayagombani na hesabu hiyo. Yanagombana na mwandishi anayeifanya kisingizio. Barabara ya vumbi ni nyekundu, shuka ni nyekundu, macho ya mlevi ni mekundu, na jua la magharibi nalo jekundu. Hivi, msomaji ameona nini hapo? Kwa mhakiki, suala si lugha ina majina mangapi ya rangi. Suala ni kila jina linafanya kazi gani ndani ya sentensi.

Tuchukue jina moja lililosahauliwa: ngeu. Kamusi zinalieleza kuwa ni rangi nyekundu ya udongo ambayo maseremala waliitumia kutia alama kwenye mbao kabla ya kupasua. Uzi hupakwa ngeu, huvutwa ukakaza, kisha huachiwa upige ubao. Unabaki mstari mwekundu ulionyooka, na msumeno unaufuata. Siku hizi fundi wengi wana penseli nyuma ya sikio, na neno limebaki kamusini likikusanya vumbi. Lakini kamusi hizo hizo zinatupa maana nyingine ya ngeu: jeraha litokalo damu, hasa la kichwani. Kama maneno haya ni ndugu au ni majirani waliofanana majina tu, hilo tuwaachie wanaisimu. Sikio la msomaji linayapokea pamoja, na hapo ndipo msanii anapopata mtaji wake.

Kwa hiyo ngeu si kisawe cha nyekundu. Ni wekundu uliopakwa na mkono, kwa kusudi, kabla ya kitu kukatwa. Mtu akiandika "jua lilizama katika ngeu", anapamba tu. Hakuna fundi hapo, hakuna ubao, hakuna kitakachokatwa. Neno gumu limeletwa kama mgeni wa heshima kwenye sherehe isiyomhusu. Lakini tutunge sentensi nyingine: "Baba hajamaliza arobaini, kaka mkubwa amekwisha kupiga ngeu katikati ya shamba." Hapa mambo yamebadilika kabisa. Tunauona mstari, tunajua msumeno uko njiani, na anayeijua maana ya pili anainusa damu ya ndugu kabla haijamwagika. Weka "mstari mwekundu" mahali pake uone kinachobaki: habari tu.

Linganisha na damu ya mzee. Jina hili liko hai. Mwenye duka akikuambia ana sweta ya damu ya mzee, hakuna anayemfikiria mzee wala jeraha lake. Sitiari imelala usingizi. Msanii akitaka kuiamsha itambidi aitikise. Ngeu ina tatizo la kinyume: picha yake ingali kali, ila wanaoijua ni wachache.

Neno hili lingetufaa pia nje ya riwaya. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi imechorwa kwa wekundu wa madini ya ardhini. Mwandishi wa Kiswahili akifika hapo huandika "rangi nyekundu" na kupita. Wamaasai wana neno lao, olkaria, kwa udongo mwekundu wa kujipaka, na limekuwa jina la mahali karibu na Naivasha. Sisi tunalo ngeu, tunalinyima kazi, halafu tunalalamika kwamba lugha haina maneno! Kwa michoro ile litafaa, maana pale mkono wa mtu upo. Kwa udongo wa shambani ambao haujaguswa na mtu, tuseme tu udongo mwekundu.

Atasimama mtu aulize: msomaji wa kawaida ataelewa? Swali ni la haki, maana fasihi haiandikiwi wenye kamusi peke yao. Jibu letu ni kwamba neno hufundishwa na sentensi yake. Katika mfano wa shamba, hata asiyelijua ngeu amekwisha kukisia. Tena majina huhama. Hudhurungi liliwahi kuwa jina la kitambaa cha kushonea kanzu. Leo ni rangi, wala hakuna anayeuliza kitambaa kilikwenda wapi. Ngeu nalo laweza kutembea, mradi lisibebwe kama pambo.

Basi wanaotunga na wajiulize kila wanapotaka kuandika "nyekundu": nani kaipaka, na nini kitafuata? Kama hakuna aliyeipaka, nyekundu inatosha. Kama yupo, na anajua anapotaka kukata, wampe ngeu yake.