Hadisi ya Benny na fundisho la dini



Mwaka jana nilimkataza mwalimu mmoja wa dini hapa Kasenga asisimulie tena hadisi fulani mbele ya wakatekumeni. Nilisikia tu kwamba ni hadisi ya Wametodisti, nikakataza. Sasa nimekisoma kitabu chenyewe mara mbili, na ninaona ni haki niseme mbele yenu nilichokikuta ndani yake.

Kitabu kinaitwa Her Benny. Aliyekiandika ni Silas Hocking, mhubiri wa Wametodisti huko Uingereza, mwaka 1879, na nakala zake zilizouzwa zilipita milioni moja. Kilivuka Luapula ndani ya sanduku la kijana aliyekuwa akifanya kazi Kitwe. Sisi wa upande huu tunasoma Kifaransa, wenzetu wa ng'ambo wanasoma Kiingereza, lakini watu ni wamoja na mitumbwi inakwenda na kurudi kila siku. Jioni kijana yule alimfasiria mwalimu ukurasa kwa ukurasa, na mwalimu akawapa watu kwa Kiswahili.

Tusishangae kwamba Wametodisti wanafundisha kwa hadisi. John Wesley mwenyewe, aliyeanzisha jamaa yao, alikifupisha kitabu cha Bunyan cha safari ya msafiri mwaka 1743, na mwaka 1781 akafupisha hata romani moja, The Fool of Quality ya Henry Brooke, ili watu wake waisome. Hapa Katanga tunawajua zaidi kwa masomo yao, tangu siku za Springer, yule aliyevuka Afrika mwaka 1907, hata Mulungwishi ya leo. Hadisi zao hatukuzitazama.

Habari ni hii. Katika mji wa Liverpool kuna watoto wawili maskini, Benny na dada yake mdogo Nelly. Baba yao ni mlevi anayewapiga, hata wanatoroka nyumbani. Anayewapokea penye moto wake ni mzee Joe Wrag, zamu wa usiku. Nelly anakufa angali mtoto. Benny anasingiziwa wizi, anauacha mji, anapata kazi kwa watu wa shamba, na baada ya miaka anarudi, haki yake inajulikana, anatajirika, anamwoa binti wa tajiri aliyemhurumia alipokuwa mtoto wa njiani.

Ukisoma haraka utasema: hadisi ya kuliza watu. Kweli inaliza, na pahali pengine Hocking anaminya machozi kama mtu anayeminya nguo iliyokwisha kukauka. Lakini tumtazame mzee Joe. Mzee huyu ni mwema, naye anaamini kwamba Mungu hakumchagua. Amefundishwa kwamba tangu milele wengine wametengwa kwa wokovu na wengine wameachwa, na yeye anajihesabu kati ya walioachwa. Hasali kwa kutumaini. Anangoja hukumu tu, usiku kwa usiku, mbele ya moto wake. Na anayemfungua si mhubiri, bali ni Nelly, mtoto asiye na masomo, anayesadiki bila mashaka kwamba Mungu anamtaka kila mtu.

Hapo, ndugu, niliweka kitabu chini. Maana tulifundishwa jambo hilohilo katika seminari kubwa, kwa Kilatini. Mtume Paulo anamwandikia Timoteo kwamba Mungu anataka watu wote waokoke. Mwaka 1653 Papa Inosenti X alihukumu maneno matano ya Jansenius, na neno la tano liliwashitaki wale wanaosema Kristu alikufa kwa ajili ya watu wote. Wametodisti walishindana na wafuasi wa Calvin juu ya jambo hilo, sisi tukashindana na Wajansenisti. Mwaka 2006, huko Seoul, Wametodisti walitia mkono wao pia katika tamko juu ya kuhesabiwa haki, ambalo Eklezia na Waluteri walikuwa wamepatana mwaka 1999. Yaliyoandikwa huko na wataalamu, Hocking alikuwa amekwisha kutia sehemu yake kinywani mwa mtoto.

Sasa niseme kwa nini nilikisoma. Kuna mama mjane hapa, mtoto wake alizama mtoni, mwili haukuonekana. Tangu siku ile aliacha kuja kanisani. Nilimtembelea mara nyingi, nikamfasiria neema na mapenzi ya Mungu. Aliitika: “Ndiyo, Padri,” akabaki palepale. Baadaye, baada ya katazo langu, nilimkuta kwenye Misa. Nilipomwuliza, akasema: “Mwalimu alitueleza habari ya yule mzee zamu. Kumbe hata mzungu alifikiri kama mimi. Basi si mimi peke yangu niliyedanganywa.” Mahubiri yangu yalimwambia neno la kweli. Hadisi ilimpa mwenzake wa kukaa naye, na pamoja na huyo aliweza kulipokea neno lile.

Je, basi tuipokee hadisi nzima? Hapana, na sababu yangu si ile niliyokuwa nayo zamani. Nilitaka kulaumu kwamba sakramenti hazishiki njia ya watu hawa, kwamba moyo unaguka, basi, mambo yamekwisha. Lawama hiyo inabaki, lakini mwalimu mwenye akili anaweza kuongeza panapopunguka. Lililo gumu zaidi ni mwendo wa habari yenyewe. Kila hadisi ina mafundisho mawili: yale yanayosemwa na watu waliomo ndani, na yale yanayosemwa na mambo yanayowapata. Kwa kinywa cha Nelly, Hocking anasema Mungu anatoa bure. Kwa mambo ya Benny anasema: uwe mwaminifu, utatajirika. Msikilizaji anasahau maneno, anashika mwendo.

Na Kasenga mwendo huo ni hatari. Wazee wetu wanakumbuka mpumbu walivyopanda mto wakati wa mvua, na Wagereki wakipeleka samaki kwa barafu hata Elisabethville kuwalisha watu wa migodi. Kufika miaka ya 1950 mpumbu walikuwa wamepungua sana. Waliovua kwa haki na waliovua kwa pupa, wote nyavu zao zilitoka tupu. Leo Lubumbashi wako wahubiri wanaosema wazi kwamba fedha ni alama ya imani. Hocking hakukusudia hayo, lakini Benny angeweza kuketi safu ya kwanza kwao kama shahidi.

Tusijisifu na sisi. Fabiola ya Kardinali Wiseman, ya mwaka 1854, ina wafiadini wake, nayo haimlipi mtu wa haki kwa mali. Lakini watu wake wanazungumza kama waseminari siku ya mtihani. Mwalimu wangu hakuweza kuisimulia hata jioni moja, watu walilala. Bwana wetu ndiye aliyejua: Lazaro anabaki maskini mpaka kufa, na yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu anaachwa amesimama nje, wala hatuambiwi kama aliingia.

Nimeliondoa katazo. Mwalimu alisimulia tena, siku nne, mimi nikiketi nyuma. Alipofika penye arusi ya Benny watu walipiga makofi. Mama yule hakupiga. Akaniuliza: “Padri, kama Benny angebaki maskini, mwenye kuandika angemaliza namna gani?” Nikamwambia sijui. Akamgeukia mwalimu: “Basi kesho utueleze namna hiyo. Tusikie.”