Kelele Hii ni ya Nani? Mwongozo wa Kupima Santuri za Hip Hop Mbadala

Hip hop mbadala ilitengenezwa kutokana na santuri kuukuu. A Tribe Called Quest, De La Soul, Digable Planets na The Pharcyde walichukua sahani za jazi, funki na soul ambazo wengine walikuwa wameshazitupa, wakachomoa vipande, wakavizungusha, wakarapu juu yake. Vumbi na mikwaruzo ya sahani hizo viliingia studio pamoja na muziki, na mara nyingi viliachwa makusudi. Ndiyo maana anayenunua albamu hizi Nairobi hukabiliwa na swali ambalo halimsumbui mnunuzi wa rumba au benga: kelele ninayoisikia ni ya sahani iliyokopwa mwaka 1991, au ni ya hii niliyoishika mkononi?

Mwongozo huu unahusu jinsi ya kulijibu swali hilo. Anayeweza kulijibu hahitaji kuogopa bei, jina kubwa wala maneno matamu ya muuzaji.

Pa kuanzia panajulikana. Soko la Kenyatta, pale watu wanapofuata nyama choma na wasusi, haliko mbali na Kibera hata kwa miguu. Wa Kawangware atahitaji matatu. Ndani yake, kibanda namba 570 ni cha James Rugami, ambaye wapenzi wa santuri wanamjua kama Real Vinyl Guru. Lakini jua mapema kwamba rafu za Nairobi zimejaa rumba, benga, soul, reggae na country. Hip hop ya kati ya 1989 na 1999 ni chache, na iliyopo kwa kawaida ilinunuliwa ng'ambo na imepitia mikono mingi. Ukiikuta soko la Toi katikati ya viatu vya mitumba, usiipapie kwa furaha ya kuiona. Ipime.

Mwanga

Ishike sahani kwa ukingo na lebo, vidole visiguse mifereji. Washa tochi ya simu uilaze pembeni, mwanga upite juu ya sahani kwa mshazari. Taa inayoning'inia darini huficha mengi, na wauzaji wajanja wanalijua hilo.

Mistari myembamba kama ya unywele, inayoonekana tu ukiigeuza sahani, kwa kawaida haisikiki. Mstari unaouhisi ukipitisha ukucha polepole utasikika, na pengine utairusha sindano. Kisha inua sahani usawa wa jicho uizungushe. Ukingo ukipanda na kushuka kidogo si neno. Ikiwa imejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango, rudisha.

Halafu angalia mahali ambapo wakusanyaji wa muziki mwingine hawaangalii: mwanzo wa kila wimbo. Santuri nyingi za hip hop zilikuwa vifaa vya kazi vya madijei. Dijei huirudisha sahani nyuma chini ya sindano akitafuta mpigo wa kwanza, na sehemu hiyo ikisuguliwa kila wikendi, mfereji unalika. Utaona ukanda uliofifia, na utasikia mvumo wa "shhh" katika sekunde za mwanzo kabla wimbo haujasafika. Kibandiko kidogo au alama ya kalamu kwenye lebo ni ushahidi kwamba sahani ilikuwa na dijei. Hilo si kosa, ila lazima liishushe bei.

Wauzaji wa ng'ambo hutumia alama za hali ya sahani, kuanzia NM (karibu mpya) kushuka hadi VG+, VG na G. Zichukue kama maoni ya muuzaji. Zaidi ya hayo, alama iliyotolewa kwa macho peke yake haitoshi kwa muziki huu.

Ukimya

Usilipe kabla hujasikiliza. "Mzee, naomba uniwekee upande wa pili, wimbo wa mwisho" ni ombi la heshima, na muuzaji anayeiamini sahani yake hatalikataa. Mwombe pia aipanguse sindano kwanza, kwa sababu uchafu wa sindano huisingizia sahani nzuri.

Wimbo wa mwisho una sababu yake. Sahani huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwenye ukingo, mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 50 kwa sekunde; karibu na lebo ni kama 21 tu. Sauti ileile inabanwa katika nafasi isiyofika nusu. Sahani iliyochezwa kwa sindano nzito au iliyochakaa hujisaliti hapo. Zisikilize herufi s na sh katika sauti ya Q-Tip, rapa wa A Tribe Called Quest. Zikitoka zimechanika, zinatemeka badala ya kutamkwa, mfereji umeharibika, na hakuna sabuni itakayouponya.

Sasa turudi kwa swali la kelele. Kelele iliyokopwa pamoja na kipande cha muziki huzunguka na kipande hicho. Hurudi mahali palepale katika kila mzunguko wa biti, na biti ikikatwa ili rapa abaki na ngoma peke yake, nayo hukatika. Kelele ya sahani yako haijui biti. Mkwaruzo mmoja hugonga kila sekunde 1.8, kwa kuwa huo ndio muda wa mzunguko mmoja, ilhali biti ya mapigo 90 kwa dakika hugonga kila theluthi mbili za sekunde. Viwili hivyo haviendi pamoja, na sikio likishaambiwa hulitambua hilo upesi.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni ukimya wa kati ya nyimbo. Hapo hakuna sampuli, hakuna ngoma, hakuna wa kusingiziwa. Chochote utakachokisikia pale ni cha sahani, cha sindano au cha vumbi. Sahani yenye mistari mingi lakini kimya safi kati ya nyimbo ni bora kuliko inayong'aa huku ikichemka chinichini.

Kwa besi, tumia The Low End Theory ya A Tribe Called Quest, ya 1991. Katika "Verses from the Abstract" besi kubwa ya mbao inapigwa na Ron Carter, mwanajazi aliyekuwa katika bendi ya Miles Davis miaka ya 1960. Kwenye sahani nzuri utasikia kidole kikiachia uzi, kisha noti, kisha noti ikifa. Hapa abiria wa matatu za namba 46 na namba 8 wanahitaji kujifunza upya, kwani besi ya matatu imeongezwa kwa nguvu ya amplifaya mpaka viti vinatetemeka. Besi ya santuri haivimbi. Ina mwanzo na mwisho. Ukisikia mngurumo mmoja usio na noti, sahani hiyo imechoka, au ilinakiliwa kutoka chanzo duni.

Dakika

Hesabu dakika za kila upande kabla ya kuhesabu pesa. Muziki ukiwa mrefu, mifereji husongamana. Ili isigongane, mkata santuri, yaani fundi anayechonga mifereji, hupunguza sauti na besi. Ukivuka dakika 22 hivi kwa upande, hasara huanza kusikika.

Linganisha hizi mbili. Midnight Marauders ya Tribe, ya 1993, ina dakika kama 51, na toleo la kwanza la Marekani lilibanwa kwenye sahani moja, dakika 25 na zaidi kwa kila upande. Madvillainy ya MF DOOM na Madlib, iliyotolewa na Stones Throw mwaka 2004, ina dakika 46 zilizotandazwa kwenye sahani mbili, yaani chini ya dakika 12 kwa upande. Ya pili hupumua. Kwa hiyo "toleo la kwanza" si lazima liwe toleo bora: ni kumbukumbu ya wakati wake. Mtu anayetaka kusikiliza anaweza kwa haki kabisa kuchagua toleo jipya la sahani mbili, na mwenzake anayetaka historia akachagua la zamani. Kosa ni kulipia historia ukidhani unalipia sauti.

Vivyo hivyo na uzito. Vibandiko vya "gramu 180" huvutia, na sahani nzito kweli hukaa imara kwenye mashine. Lakini uzito haurekebishi chanzo kibaya, na sahani nyingi nzuri za miaka ya 1990 ni nyepesi.

Maandishi ya ndani

Kati ya wimbo wa mwisho na lebo kuna ukanda mtupu. Uelekeze kwenye mwanga. Utaona namba zilizokunwa au kugongwa, na wakati mwingine sahihi ya mkata santuri. Kwenye rekodi nyingi za New York za enzi hiyo utakuta jina la Herb Powers, aliyekuwa akiandika "Herbie Jr" na kuchora kijiuso kinachocheka, au muhuri wa STERLING wa karakana ya Sterling Sound. Zilinganishe namba hizo na zilizoorodheshwa kwa toleo unalouziwa. Zisipolingana, unauziwa toleo jingine.

Ukanda usio na kitu, jalada lenye picha iliyofifia na herufi zenye ukungu, lebo isiyotaja kampuni: hizo ni dalili za bandia. Jihadhari hasa na 3 Feet High and Rising ya De La Soul, ya 1989. Migogoro ya sampuli na mikataba iliizuia kuingia kwenye huduma za muziki za intaneti hadi tarehe 3 Machi 2023. Kwa miaka mingi anayeitaka alilazimika kutafuta nakala ya kushika, na palipo na njaa ya namna hiyo wachapaji wa magendo hawakawii.

Jalada na makazi

Jalada lipimwe mwisho. Duara lililojichora kwenye karatasi, mshono uliopasuka na jina la mwenye zamani lililoandikwa kwa biro hupunguza bei tu. Harufu ya ukungu na karatasi iliyoliwa na mende ni jambo jingine, kwa kuwa zinaonyesha mahali ilipolala, na ukungu huingia mpaka kwenye mifereji. Things Fall Apart ya The Roots, ya 1999, ilitoka na majalada matano tofauti. Linalojulikana zaidi linaonyesha vijana wakikimbia polisi, picha isiyohitaji maelezo Kibera. Jina lake limetoka kwa riwaya ya Chinua Achebe ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shujaa Okonkwo. Ukilipata jalada usilolizoea, hakikisha ni mojawapo ya yale matano kabla ya kulipa ziada.

Nyumbani, adui wa kwanza ni mabati. Saa saba mchana chumba chenye paa la bati hupika, na sahani iliyolazwa juu ya kabati hupinda. Zisimamishe wima, chini, mbali na dirisha na mgongo wa friji. Vumbi likizidi, osha kwa maji ya betri, yale yaliyochujwa madini, pamoja na tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, ukifuata mzunguko. Soma chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa dukani humohumo.

Na za kwetu?

Hip hop ya Nairobi ilipokomaa, enzi ya kuchapa santuri hapa ilikuwa imekwisha. Kalamashaka wa Dandora walivuma na "Tafsiri Hii" miaka ya mwisho ya 1990, albamu yao Ni Wakati ikaja 2001, kisha Kilio cha Haki ya Ukoo Flani Mau Mau ikafuata 2004. Hizo ni za zama za kanda na CD. Octopizzo wa Kibera alipotoa Chocolate City mwaka 2012, watu walikuwa tayari wanasikiliza kwenye simu.

Kwa hiyo mkusanyaji wa Kawangware mwenye rafu ya Tribe na De La Soul bado hana hip hop mbadala ya mji wake. Apige hodi kwa binamu na majirani aulizie kanda za zamani. Akipata moja, atazame kama utepe umekunjamana na kama kile kipande cha sponji kinachoukandamiza bado kimeshika, auzungushe polepole kwa kalamu mpaka ulegee, kisha ainakili kwenye kompyuta mara ya kwanza inapocheza, maana huenda ikawa ya mwisho. Midnight Marauders imechapwa upya zaidi ya mara moja na inaweza kuchapwa tena. Kanda ya jirani haina atakayeichapa. Nakili kwanza, kisha ndiyo urudi Kenyatta kubishana bei.