Ufundi wa Uhuru, setilaiti iliyorushwa Ngomeni

Eksirei zinazotoka kwenye nyota humsumbua fundi kwa mambo mawili. Kwanza, hazifiki ardhini, kwa sababu hewa huzimeza zote huko juu. Pili, lenzi ya darubini haiwezi kuzikusanya, maana ama zitapenya ama zitaishia ndani ya kioo. Anayetaka kujua zinatoka wapi hana budi apande juu ya hewa, kisha abuni namna nyingine kabisa ya kutazama.

Juni 1962, Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani. Ilikaa juu ya hewa dakika chache tu kabla ya kuanguka, na katika dakika hizo ikakuta chanzo kikali cha eksirei upande wa kundi la nyota la Nge. Miaka iliyofuata, wanasayansi waliendelea kuokoteza hivyo hivyo, dakika chache leo, chache mwakani. Walihitaji chombo cha kukaa huko juu na kutazama bila haraka. Wakakipata katika Uhuru. Sputnik, iliyoitangulia kwa miaka 13, ina sifa zake na inazistahili, lakini mimi nikiulizwa ni setilaiti ipi ya zama zile iliyotengenezwa kwa akili nyingi na vitu vichache, nitaitaja Uhuru.

Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, na jina lake likatokana na siku hiyo. Ilipaa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, matunda ya bidii ya Profesa Luigi Broglio wa Roma. Roketi, aina ya Scout, ilikuwa ya Wamarekani. Ngomeni iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki juu ya Bahari ya Hindi huipata kasi hiyo bure. Faida nyingine ilikuwa kubwa zaidi kwa kazi hii. Setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia, chembe ambazo zingevijaza vipimo vyake kelele.

Sasa tukiangalie chombo chenyewe. Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi na paneli 4 za sola. Mradi uliongozwa na Marjorie Townsend wa NASA, mmoja wa wanawake wa kwanza kukabidhiwa kazi ya namna hiyo. Vipimo vilitengenezwa na timu ya Giacconi huko Massachusetts. Kwenye pande mbili za mwili wake, zikipeana mgongo, palikuwa na visanduku vya gesi vyenye madirisha membamba ya berili, madini mepesi yanayopitisha eksirei. Eksirei moja ikiingia, huigonga gesi na kung'oa elektroni. Waya wenye volti nyingi huzivuta elektroni hizo, nazo njiani hung'oa nyingine, hadi unapatikana mdundo mdogo wa umeme unaoweza kuhesabiwa. Ukubwa wa mdundo unaeleza nguvu ya eksirei iliyoingia.

Lakini kisanduku kama hicho hakijui eksirei imetoka upande gani. Ndipo mafundi wakaweka mbele yake kizuizi chenye nafasi nyembamba, nacho kikatazama anga kama mtu anayechungulia uani kupitia ufa wa mlango. Upande mmoja uliona eneo lenye upana wa nusu digrii tu, sawa na upana wa mwezi mpevu, kwa urefu wa digrii 5. Upande wa pili uliona digrii 5 kwa 5. Ule mwembamba ulionyesha mahali. Ule mpana ulikusanya mwanga wa kutosha kuona vilivyofifia.

Kisha wakaizungusha setilaiti nzima, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi. Hapa ndipo ninapoupenda zaidi ufundi huu. Chanzo cha eksirei kinapoingia kwenye ufa, hesabu huanza kupanda taratibu. Kinapofika katikati, hufikia kilele. Kinapotoka, hushuka kwa mwendo ule ule. Kwenye karatasi inachoreka pembetatu safi, na ncha yake ya juu inakuambia nyota iko wapi. Hakuna kioo wala lenzi, na bado mahali panapimwa kwa kosa dogo kuliko upana wa ule ufa wenyewe. Ili kutazama ukanda mwingine wa anga, setilaiti haikuchoma mafuta. Umeme ulipitishwa kwenye koili zilizo ndani yake, zikawa sumaku, nazo zikasukumana na sumaku ya dunia hadi mhimili ukainama polepole.

Kinasa data chake kiliharibika mapema, lakini kazi haikusimama. Takwimu zikawa zinatumwa moja kwa moja setilaiti ilipopita juu ya vituo vya ardhini.

Halafu pembetatu moja ikaja na meno. Chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilikuwa kinapwita, kila baada ya sekunde 4.8. Timu ikapunguza kasi ya mzunguko wa setilaiti ili ikitazame kwa muda mrefu zaidi, ikagundua pia kwamba kila baada ya siku 2 na kidogo hupotea na kurudi. Kilikuwa kinafichwa na nyota mwenzake. Maelezo yakawa kwamba ni nyota ya nyutroni, iliyoshindiliwa mno, inayonyonya gesi ya jirani yake. Gesi hiyo inapoanguka juu yake hupata joto hadi kutoa eksirei. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilimetameta haraka bila mpangilio wowote. Wanaastronomia wa darubini za ardhini walipokifuatilia, kikawa cha kwanza kukubalika kwa upana kuwa shimo jeusi.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mwalimu wa fizikia unayesoma haya, uwe Kilifi au Kigoma, ichore pembetatu ile ubaoni na uwaulize wanafunzi ufa upunguzwe au uongezwe upana. Waache wabishane. Kila jibu lina gharama yake, na wale waliounda Uhuru walilipa zote mbili kwa kuweka mmoja kila upande.