Injini Haikuharibika: Kitenzi na Ukweli katika West with the Night

Wanafunzi wengi wa fasihi huamini kwamba lugha ya mafundi haina nafasi katika uhakiki. Makala haya mafupi yanapinga dhana hiyo kwa kutumia tawasifu ya Beryl Markham, West with the Night, iliyochapishwa mwaka 1942. Markham, aliyezaliwa Uingereza na kukulia Kenya, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936, akaivuka Atlantiki kuelekea magharibi. Baada ya zaidi ya saa 20 angani, ndege yake ilianguka kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada. Alinusurika.

Linalotuhusu hapa ni injini. Inatetemeka, inakohoa, inazimika, inawaka, inazimika tena. Msimulizi anafungua na kufunga koki za matangi hadi mikono inatoka damu. Hamwelezi msomaji chanzo cha hitilafu, kwa sababu wakati huo hata yeye hakijui. Baadaye ndipo tunaambiwa kwamba barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, na petroli iliyofika kwenye kabureta ikawa haitoshi.

Taharuki ya kifungu hiki haitokani na tamathali za usemi. Inatokana na mfuatano wa vitenzi. Nilipowapa wanafunzi wangu zoezi la kukitafsiri, wengi waliandika "injini iliharibika." Kisarufi hakuna kosa. Kimaana, kisa chote kimepotea. Injini ilikuwa nzima. Ilikosa mafuta, na mafuta yalikuwemo tangini. Kila anayemimina mafuta ya taa kutoka kwenye dumu anajua jambo hili: usipotoboa tundu la pili la kuingiza hewa, mafuta hutoka kwa kugugumia. Fundi wa gereji angesema injini "inamisi," na angekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mtafsiri wetu.

Hata hivyo, mwandishi hakosi udhaifu. Anakipita chanzo haraka mno, na msomaji anaweza kudhani kwamba ni ile barafu inayoganda ndani ya kabureta. Hiyo hutokea petroli inapogeuka mvuke na kuipoza hewa yenye unyevunyevu, hata kama joto la nje ni nyuzi 20 za Selsiasi. Rubani huiyeyusha kwa kuelekeza hewa ya moto kwenye kabureta. Tundu la tangi lililoziba halitibiwi kwa njia hiyo. Dalili zinafanana, dawa ni tofauti. Sentensi mbili za ziada zingeondoa utata huo bila kuipunguza taharuki.

Wanafunzi wetu wengi hujifunza Kiswahili darasani. Hutoka wakiwa na vitenzi vya jumla kama kuharibika, kupata shida na kushindwa. Vitenzi hivyo vinatosha kujibia mtihani, lakini havitoshi kutafsiri maelekezo ambayo uhai wa mtu unayategemea. Napendekeza kwamba, kabla ya somo la tafsiri ya kiufundi, walimu tuwapeleke wanafunzi gereji kwa asubuhi moja. Wamsikilize fundi anavyotofautisha injini inayokohoa na injini iliyokufa, kisha ndipo warudi kwenye kamusi.