Mlango Mwekundu wa Mto Sagana

Michezo ya Afrika ilipofanyika Maputo mwaka 2011, mbio za mashua za matanga zilikuwemo, na za kupiga kafi pia. Sisi wa Nyeri, Karatina na Kerugoya hatuna bahari wala upepo wa kutegemewa wa kujaza tanga. Tunao mto. Ukifika mji wa Sagana, maji ya Mlima Kenya na ya Nyandarua yamekwisha kukutana, na chini kidogo ya mji yanaanza kuparamia mawe. Hapo ndipo vijana wa kwetu wamejifunza kazi ya kuwateremsha watalii kwa boti za mpira, huku wenzao wakitangulia kwa kayaki za plastiki ili kumwokoa atakayeanguka. Swali langu ni hili: je, ujuzi huo unatosha kushindania slalomu?

Nusu yake unatosha. Nusu ya pili inabidi isahauliwe kwanza.

Slalomu ya kayaki ni mbio dhidi ya saa. Juu ya mto huning'inizwa fito mbili mbili zinazofanya milango, 18 hadi 25. Ya kijani unaipita ukishuka na maji. Ile myekundu, ambayo huwa sita au zaidi, unaipita ukipanda, kinyume cha mkondo. Ukigusa ufito, unaongezewa sekunde 2. Ukiruka mlango, sekunde 50, na hapo afadhali ujipigie kafi polepole ukatazame mandhari.

Mtazamaji hushangilia mawimbi. Lakini kwenye mawimbi washindani wazuri hawaachani sana, kwa sababu mto unawabeba wote. Wanaachana kwenye mlango mwekundu. Huo kwa kawaida hutundikwa nyuma ya jiwe, pale maji yanapozunguka na kurudi juu. Kijana wa Sagana anayajua maji hayo kuliko kitabu chochote, maana ndiyo kituo chake: huingia humo, hutulia, huhesabu wateja wake, kisha hutazama mbele kabla ya kuendelea. Kazi yake inamdai asimame. Mshindani akisimama, amekwisha.

Kinachotakiwa ni hiki. Kayaki ya mashindano ina urefu usiopungua mita 3.5 na upana wa sentimita 60, nyepesi, na tezi yake ni bapa na nyembamba. Mpiga kafi huvuka mstari ule ambapo mkondo unaoshuka unakutana na maji yanayorudi, akiwa bado na kasi yake yote. Huegemea upande wa ndani wa kona, huchomeka kafi karibu na omo na kuiacha humo, kisha chombo chote huizunguka. Tezi inazama, omo inanyanyuka, na kayaki inageuka katika nafasi isiyotosha matatu kupiga kona. Kichwa kinapita kati ya fito, bega linainama kukwepa ule wa ndani, na kafi ya kwanza ya kutokea imekwisha kupigwa kabla tezi haijamaliza kupita. Kosa la wengi ni kupiga kafi nyingi pale. Kila pigo la kurekebisha ni ushahidi kwamba aliingia vibaya, mita tatu nyuma.

Hesabu ya Beijing 2008 inaonyesha uzito wa jambo hili. Benjamin Boukpeti wa Togo aliongoza nusu fainali ya kayaki ya mtu mmoja. Muda wa nusu fainali na wa fainali ulijumlishwa: Alexander Grimm wa Ujerumani 171.70, Fabien Lefèvre wa Ufaransa 173.30, Boukpeti 173.45. Alipata shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Togo. Kati yake na fedha palikuwa na sekunde 0.15 katika mteremko wa mara mbili. Mguso mmoja tu wa ufito ni zaidi ya mara kumi na tatu ya pengo hilo. Boukpeti, lakini, alizaliwa na kulelewa Ufaransa, kwenye klabu na mito yenye milango tayari. Bendera ilikuwa ya Afrika, mazoezi hayakuwa ya huku.

Kuna mlango wa pili, na kwa maoni yangu ndio wa kuanzia. Paris 2024 iliingiza mbio za kayaki ambamo wanne huangushwa majini kwa pamoja kutoka jukwaani, wakiwa katika vyombo vya plastiki vigumu, wanasukumana, na mahali palipowekwa lazima mtu ajipindue chini ya maji na kuibuka. Kugongana si kosa. Kujipindua na kuibuka ni kazi ya kila siku ya mwokoaji wa Sagana, na chombo chake kinakaribia hicho kuliko ile kayaki nyembamba ya slalomu.

Kwa slalomu yenyewe gharama ya kwanza ni ndogo: waya kuvuka mto, fito za bomba la plastiki, saa, na mtu wa kuhesabu miguso bila huruma. Kero ni mvua za Machi hadi Mei. Mto ukipanda, jiwe linafunikwa, maji yanayorudi yanahama, na mlango mwekundu uliofaa juzi unaning'inia juu ya mkondo mtupu, basi waya unafunguliwa na kusogezwa upya.