Randa ya Kalasinga

Hapa Chepkoilel, si mbali na Chuo Kikuu cha Eldoret, kuna kibanda cha mabati ambamo seremala mmoja mzee bado hupiga randa kwa mkono, hata siku ambayo umeme upo. Nimezoea kusimama mlangoni nikimtazama. Huubana ubao wa saiprasi kwenye benchi, akaupapasa kwa kiganja kujua nyuzi zake zimelala upande gani, ndipo asukume. Maranda huchomoka membamba, yakajikunja na kuanguka miguuni pake. Kisha hufumba jicho moja, akauinua ubao usawa wa uso na kuutazama kutoka ncha hadi ncha.

"Kalasinga alinifunza hivi," aliniambia siku moja. "Jicho lipime kwanza, rula ithibitishe."

Kalasinga ndilo jina tulilompa Singasinga hapa Kenya. Naye fundi wa Punjab, ukimwonyesha chombo kile, atakiita randa vilevile. Chombo kilivuka bahari na jina lake.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waingereza waliwaleta kwa mkataba vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Takriban 2,500 walifia kazini. Wengi wa walionusurika walirudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Miongoni mwa Makalasinga waliokuja enzi hizo na baadaye, wengi walikuwa wa jamii ya Ramgarhia, watu waliorithishana useremala, uhunzi na uashi. Mwaka 1924 reli ilifika Eldoret, mji ambao wenyeji waliuita Sisibo, matamshi yao ya "sixty-four", kwa sababu ulianzia kwenye shamba namba 64. Mashamba ya nyanda hizi yalitengewa walowezi wa Kizungu. Mhindi hakuruhusiwa kuyamiliki. Alichobakiwa nacho ni duka na karakana. Ulikuwa uonevu, lakini naona ndipo ufundi ulipozidi kunolewa: asiye na shamba, mikono yake ndiyo shamba lake.

Mikono hiyo ilikuwa na mafunzo ya karne nyingi. Katika miji ya Harappa na Mohenjo-daro, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, waashi walifyatua matofali kwa kipimo kimoja: unene sehemu moja, upana mbili, urefu nne. Na huku kwetu Afrika Mashariki, ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, utaiona milango mizito yenye njumu za shaba ambayo mafundi wa Kihindi walichangia kuichonga. Na katika siku ya Vishwakarma, mlezi wa mafundi katika imani ya Kihindu, zana husafishwa, hupambwa kwa maua na kupumzishwa. Siku hiyo msumeno haukati. Nalipenda sana wazo hilo, kwamba chombo kinachomlisha mtu kinastahili shukrani yake.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Historia ya Wahindi tumezoea kuisoma katika falme, mahekalu na biashara. Mimi naiona pia kwenye kiti kisichoyumba, kwenye mlango unaofungika bila kusukumwa kwa bega, na kwenye kiganja cha mzee wa Chepkoilel ambaye hajawahi kufika India.

Juzi mwanafunzi wake alikuwa akihangaika na ubao. Randa ilikwama, ikakwaruza, kwa kuwa kijana alikuwa akisukuma kinyume cha nyuzi. Mzee hakumkaripia. Aliugeuza ubao, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa kijana, wakasukuma pamoja. Randa moja refu likachomoka bila kukatika.

"Umesikia mlio wake?" mzee akauliza.

Kijana akaitikia kwa kichwa. Mzee akauondoa mkono wake, kama ulivyoondolewa mkono wa Kalasinga juu ya wake miaka mingi iliyopita, akamwacha asukume peke yake.