Kumpiga Picha Asiyepumua

Mtu aliye hai humsaidia mpiga picha hata asipojua. Bibi harusi aliyechoka atatabasamu akimwona shangazi yake mlangoni. Mtoto atageuza shingo kwa sababu pikipiki imepita. Mzee atashusha pumzi na mabega yatalegea yenyewe. Mpiga picha mwepesi wa kidole huziokota bahati hizo na kuziita kazi yake. Mwanasesere hana bahati ya kukupa. Mkalishe kitini saa tatu asubuhi, rudi adhuhuri, utamkuta vilevile. Huzuni, kiburi, uchovu au hamu itakayoonekana pichani umeiweka wewe, kwa mikono yako na kwa mwanga uliouchagua. Ndiyo maana nauheshimu ufundi huu kuliko aina nyingi za upigaji picha zinazomlipa mtu.

Nasema juu ya wanasesere wa rezini, wale wanaokusanywa na watu wazima. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto, Japani, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kuunda sanamu ndogo, ilitoa mwanasesere aliyeitwa Super Dollfie, na kutokana naye ukazaliwa ukoo mkubwa ambao leo hutengenezwa pia Korea Kusini na China. Walio wakubwa hufika sentimita 60 hivi, theluthi ya kimo cha mtu. Rezini ya poliyurethani humiminwa ikiwa majimaji ndani ya kalibu za silikoni. Ikishaganda, viungo huwa na uwazi ndani, na kamba ya mpira hupitishwa humo kuanzia kichwani hadi nyayoni na kukazwa kwa kulabu. Bega, kiwiko, goti, kila kimoja ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe chake. Mpira ukilegea, hasimami. Ukikaza mno, mkono unaruka na kurudi ulikotoka kabla hujaifikia kamera. Utosi wake hufunguka, na ndani yake macho ya kioo au ya akriliki hushikizwa kwa gundi laini inayobandukika. Sogeza jicho kiasi cha punje ya mchele, na mbele yako yuko mtu mwingine.

Niliwahi kumwonyesha mama mmoja jirani picha mbili za mwanasesere mmoja. Alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huyu anamngoja mtu. Na huyu amekwisha kata tamaa." Wigi lilikuwa lilelile, gauni lilelile, kiti kilekile. Kati ya picha ya kwanza na ya pili nilikuwa nimeshusha macho kidogo na kuinamisha kidevu, basi.

Naishi Asiatique, mtaa wa Bujumbura ambao Wabelgiji, enzi mji huu ukiitwa Usumbura, waliutenga kwa wafanyabiashara Wahindi na Waarabu. Bujumbura iko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linatusimamia utosini. Jua hilo ni baya kwa uso wowote, na kwa mwanasesere ni baya maradufu. Macho yake yamezama ndani kuliko yetu, hivyo hugeuka mashimo meusi; na miale ya jua huigeuza rezini nyeupe kuwa ya manjano, kidogo kidogo, bila kurudi nyuma. Mtu wa hapa akijifunza kazi hii atajifunza kwanza kulikimbia jua. Kivuli cha baraza ndicho studio yetu: paa juu, ukuta uliopakwa chokaa upande mmoja, na barabara yenye mwanga upande wa pili. Kisha kuna kiangazi, kuanzia Juni, vumbi na ukungu vinapolichuja jua kabla halijashuka nyuma ya milima ya upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Hapo, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, uso wa rezini unapata damu. Lakini magharibi yetu ni mafupi, na asiyekuwa tayari atakuta giza limeingia akiwa bado anafunga vifungo vya koti.

Kumpiga picha asiyepumua si jambo jipya hata kidogo. William Henry Fox Talbot, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa wagunduzi wa upigaji picha, alipoanza kuchapisha kitabu chake The Pencil of Nature mwaka 1844, alitia humo picha ya sanamu ya kichwa na mabega ya Patroclus, shujaa wa ngano za Kigiriki. Alieleza kwamba sanamu moja inaweza kutoa picha zisizo na idadi: ubadilishe upande wa jua, uigeuze juu ya kitako chake, usogeze kamera karibu au mbali. Akashauri pia siku ya mawingu kuliko siku ya jua kali, na kitambaa cheupe kando ya sanamu ili mwanga urudi kwenye upande wa kivuli. Zaidi ya miaka 180 imepita, nami natundika kanzu nyeupe juu ya kamba ya nguo kwa kazi ileile. Sijaona kifaa cha dukani kilichoishinda.

Piga magoti. Kamera ikiwa kwenye kimo cha mtu mzima, umepiga kitu cha kuchezea. Ikishuka hadi usawa wa macho yake, umepiga mtu. Halafu punguza tundu la lenzi, maana ukiwa karibu hivyo kope zitakuwa kali na masikio yatayeyuka, na ukungu huo ndio unaotangaza udogo wake.

Nguo ni mtihani mgumu zaidi. Fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi anaweza kukushonea gauni la kimo hicho bila taabu, lakini maua ya kitenge hayapungui pamoja na gauni: ua moja linafunika kifua chote, na mtazamaji anaona pazia. Kanga ndiyo isiyokubali kabisa, kwa sababu pindo na jina lake vimepimiwa mwili wa mwanamke. Nimeamini leso ya mkononi yenye pindo. Inasimuliwa kwamba kanga zenyewe zilianza Pwani katika karne ya 19 kwa leso zilizoshonwa pamoja, na inanifurahisha kwamba mwanasesere anavaa leso moja na inamtosha.

Pwani pia ndiko waliko walimu wetu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh alipiga picha za sura Mombasa kwa miongo kadhaa, akipanga mkao na taa kwa uangalifu usio na haraka. Wateja wao walitoka na heshima waliyotaka kuonekana nayo. Anayempanga mwanasesere anasoma darasa hilohilo, ila yeye hana mteja wa kumwambia pale alipokosea.

Wapo mtaani wanaochukizwa na sanamu, na hoja zao za dini nazijua. Nawakumbusha kwa adabu hadithi mashuhuri ya wanasesere wa Bi Aisha, na farasi wake wa vitambaa mwenye mbawa, aliyemfanya Mtume acheke. Ambaye bado moyo wake haukubali, simshindanishi.

Nina msimamo mmoja mkali, dhidi ya nakala za wizi. Mwanasesere halisi hugharimu mamia ya dola, na wapo wanaomimina uso wa msanii mwingine kwa bei ya kutupa. Picha ya uso ulioibwa, hata ikiwa nzuri, siitaki ukutani kwangu. Na kila unapoonyesha picha, mtaje aliyeuchonga uso huo.

Wewe usiye na rezini, usiingoje. Mchukue mwanasesere yeyote aliyeko nyumbani, hata wa udongo au wa migomba, mkalishe barazani saa kumi na moja jioni, tundika kitambaa cheupe upande wa kivuli, upige magoti. Piga ishirini ukibadilisha kidevu tu. Kisha mwite mama yako, mkalishe pahali palepale.